Kiko cha Kiingereza, Kuanzia Mzizi Mpaka Mdomo

Kwa miaka arobaini na mitatu nilijua kiko changu kilitengenezwa kwa mti gani. Nilijua vibaya. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu sipendi masimulizi yanayoficha kosa la msimulizi mpaka mwisho, msomaji akabaki kulitafuta kama mtu atafutaye miwani iliyo usoni mwake.

Kiko chenyewe nilipewa Morogoro, na mkuu wa shule ya kwanza niliyofundisha, Mwingereza mrefu aliyekuwa akifunga masanduku yake kurudi kwao. Hakuwa mtu wa makuu, na kiko chake hakikuwa cha makuu. "Ni cha bei ya kati," aliniambia, "lakini ni cha London halisi, mti wa briar. Kitunze, kitakuzika." Jioni ile nilifungua kamusi yangu nene ya Kiingereza. Kidahizo cha briar kilikuwa chini kabisa ya ukurasa wa kulia, mstari wa mwisho: kichaka chenye miiba, hasa waridi la mwituni. Nikaifunga kamusi nikiwa nimeridhika. Tangu siku hiyo kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwangu alifundishwa kwamba Waingereza huchimba mizizi ya miiba ya mawaridi na kuikereza viko, na kwamba taifa liwezalo kuutia mwiba kinywani bila kuumia halina budi kuwa na subira. Wengine waliyaandika hayo kwenye madaftari. Natumaini wameyapoteza.

Hata mke wangu nilimpata kwa kiko hichohicho. Alikuwa muuguzi, amekuja Morogoro pamoja na wenzake waliokimbia utawala wa kibaguzi kwao Afrika Kusini, nami niliombwa kuwafundisha Kiswahili. Siku ya somo la ngeli nilikiweka kiko mezani nikauliza, "Kiko kiko wapi?" Darasa zima lilidhani mwalimu ana kigugumizi. Yeye peke yake aliinua mkono. "Kiko kiko mezani, Mwalimu, lakini kinanuka." Upatanisho wa kisarufi haukuwa na kasoro hata moja. Nikaona huyu ni mwanamke wa kuoa.

Nchi yake ilipofunguka nilimfuata Johannesburg, na mwaka 2017, ambao ndio ninaouzungumzia, tulikuwa tukiishi Yeoville, ghorofa ya tatu, katika jengo ambalo lifti yake ilikuwa imekufa kabla hatujafika. Kila jioni, saa kumi na moja, nilivuta kiko kimoja kwenye roshani. Mke wangu hakupenda. Alikuwa amestaafu uuguzi, lakini sikio lake halikustaafu, na alikisikiliza kifua changu kupitia ukuta. Alisema napiga filimbi nikipanda ngazi. Nilimjibu kwamba husimama kwenye kila kituo cha ngazi ili kutazama mandhari. Vituo vile havikuwa na madirisha.

Majira ya baridi ya mwaka ule meno yangu yalitoboa mdomo wa kiko, ile sehemu ya mpira mgumu mweusi inayoshikwa kinywani. Nilikuwa nacho mfukoni asubuhi tulipokwenda kwa fundi cherehani, mke wangu akipimwa gauni la kwaya. Fundi huyu alikuwa Mkongomani wa Lubumbashi, shemasi kanisani kwake, mwenye chumba kidogo kilichobanwa katikati ya saluni mbili. Ukutani alitundika mkanda mrefu wa lebo zilizodai kwamba kila koti atakaloshona limetoka Italia. Wateja, alisema, hawalipi vizuri wakiambiwa koti limetoka mtaa wa pili. Nilimwonyesha kiko nikamuuliza kama anamjua mtu wa kukitengeneza.

Alikisogeza kwenye mwanga wa dirisha. "Mzee, hii pipi imekufa mdomo."

"Pipi ni peremende," nilimwambia. "Hicho ni kiko."

"Bon. Hii kiko iko bruyère."

"'Kiko hiki ni.' Si 'hii', na si 'iko'."

"Kiko hiki ni iko bruyère," alisema kwa unyenyekevu wa shemasi.

Nilimweleza kwa utulivu kwamba ni briar, mwiba wa waridi la mwituni, na kwamba ni cha Kiingereza. Akatikisa kichwa. Baba yake, alisema, alikuwa mpishi wa mhandisi mmoja Mbelgiji wa migodini. "Ule muzungu alikuwa na pipi kumi na mbili. Mimi njo nilikuwa nasafisha, na kisu kidogo, tangu niko mtoto. Yote ilikuwa bruyère. Haina miiba, papa. Na batu ya Ufaransa njo banachonga."

"Ushahidi wa mtoto wa mpishi juu ya viko vya Mbelgiji," nilisema, "haukihusu kiko cha Mwingereza."

Mke wangu alikuwa amesimama juu ya kigoda, gauni limejaa pini kila upande, hawezi kugeuka. Akaniuliza akiutazama ukuta, "Eish, Mwalimu, kwani huyo Mwingereza alikuonyesha mti wenyewe?"

Swali lile lilikuwa la haki, na kwa hiyo liliniudhi. Wasusi wa saluni zote mbili walikuwa wameshajaa mlangoni, vitana mikononi, na mmoja akapaza sauti, "Papa, muulize kiko yako kama iko na makaratasi! Isije ikakamatwa!" Mwingine akasema kinafanana na wakimbizi wote, ukikiuliza kwao wapi kinataja mji mkubwa. Walicheka mpaka mteja aliyeachwa na nusu ya kichwa akaja kutazama kuna nini.

Mtu aliyesoma hapaswi kula kiapo akiwa na hasira. Nilikuwa nimewafundisha wengine hivyo. Nilisimama nikasema, kwa sauti niliyoitumia zamani gwarideni: "Kama kiko hiki si cha Kiingereza, kuanzia mzizi mpaka mdomo, sitakiwasha tena."

Kisha mke wangu akauambia ukuta, polepole, "Mmesikia wote?"

"Tumesikia, mama!"

Ndivyo tumbaku yangu ya saa kumi na moja ilivyowekwa rehani kwa neno moja la Kifaransa. Hakuna aliyenilazimisha kuutaja mzizi.

Fundi alimjua mtu Doornfontein, Mreno mzee aliyeishi Rosettenville na kufanya kazi katika karakana moja karibu na chuo, akikereza mikongojo na kutengeneza zumari za bendi za makanisa. Alinisindikiza kesho yake kwa miguu, kwa hisani, alisema, ingawa niliona amevaa koti lake zuri zaidi kama mtu aendaye mahakamani kushinda kesi. Njiani nilimweleza kwamba Doornfontein, kwa lugha ya Makaburu walioupa mtaa jina, maana yake ni chemchemi ya miiba. Mimi si mtu wa kuamini ishara. Nilisema tu kwamba kama kiko cha mwiba kingechagua pa kutibiwa, kisingechagua pengine.

"Haina miiba, papa," alisema fundi.

Tulisimama kwenye robot, ndivyo waitavyo huku taa za barabarani, zikiwa nyekundu, tukavuka zilipokuwa kijani.

Yule Mreno alikuwa mdogo wa mwili, mwenye vumbi la mbao hadi kwenye kope. Alikichukua kiko, akakipuliza, akakinusa, akaingiza waya mwembamba kwenye tundu lake, na kwa muda alisahau kwamba tupo. Halafu akasema kwa Kiingereza, lugha ambayo sote watatu tuliitumia kama kiatu cha kuazima, kwamba hiki ni kiko kizuri. Alinionyesha jinsi ukuta wa bakuli ulivyo mnene, na jinsi tundu la moshi lilivyotobolewa likaangukia katikati kabisa ya kitako, jambo ambalo, alisema, viko vya bei rahisi hulikosa kwa upana wa punje ya mchele na ndiyo maana hukoroma kama mgonjwa. Nilimtazama fundi ili nione kama anasikiliza. Alikuwa anasikiliza.

"Ila ni cha daraja la pili," Mreno akaongeza.

Nilimuuliza daraja la pili la nini.

Makampuni makubwa ya London, alisema, yaliyapanga mabakuli kama muuza nyanya apangavyo mafungu. Yasiyo na doa yalipigwa muhuri wa jina kubwa na kupewa bei ya kumliza mtu. Yaliyokuwa na vishimo vya asili yalizibwa kwa gundi na vumbi la mbao, yakapakwa rangi nzito ya hudhurungi, yakapewa jina dogo na bei ya kati.

"Kwa hiyo kiko changu ni nyanya iliyooza?"

"Ni nyanya ileile. Ina kovu tu. Ukiivuta huwezi kulionja kovu."

Alichukua sindano akagusagusa ubavu wa bakuli. Mahali patatu sindano ilizama kidogo na kutoa unga mwekundu. Nimeishi na kiko kile muda mrefu kuliko nilivyoishi na wazazi wangu, na sikujua kwamba kina viraka.

"Na mti?" aliuliza fundi, ambaye hakuja Doornfontein kuzungumzia nyanya.

Mreno akasema si waridi. Ni kifundo kinachoota kwenye mzizi wa kichaka kimoja cha nchi kavu zilizoizunguka Bahari ya Kati: Algeria, Korsika, kusini mwa Italia. Huchimbwa, huchemshwa kutwa nzima ili utomvu utoke, kisha huachwa kikauke kwa miaka. Uingereza hakioti cha kufaa kazi hii. Kuna unyevu mno. Na mara nyingi, kwa viko vya bei ya kati hasa, bakuli lilikerezwa Ufaransa, likapelekwa London kutiwa mdomo na kupigwa muhuri.

"Umeyaona hayo kwa macho yako?" nilimuuliza.

"Niliambiwa na aliyenifundisha kazi."

"Naye?"

Alifikiri. "Aliambiwa na wake."

"Basi tuna maneno ya watu watatu," nilisema, "na hakuna hata mmoja aliyefika huko."

Mreno hakukasirika. Alilowesha kitambaa kwa spiriti, akakisugua kiko shingoni. Upande wa kushoto kulikuwa na maneno niliyoyasoma kila jioni, yakitangaza kwamba kimetengenezwa London. Upande wa kulia, ambako kidole gumba changu kilikuwa kimekaa tangu ujana wangu, kulikuwa na weusi tu. Weusi ule, nilioudhani rangi, ulikuwa jasho langu. Ulihamia kwenye kitambaa kama lami, na chini yake zikajitokeza herufi, moja baada ya nyingine, na fundi akazisoma kama mtoto wa darasa la kwanza: "B. R. U. Y. E. R. E." Kisha akapiga kofi. "Papa! Jina la kwetu!"

"La kwenu Lubumbashi?"

"La kwetu Wafaransa!"

"Tangu lini wewe ni Mfaransa?"

"Tangu asubuhi hii!"

Nilimwacha afurahi. Kisha nikamweleza kwamba muhuri si ushahidi. Huenda neno lile lilikuwa jina tu la biashara, la kuwavutia wanunuzi. Yeye mwenyewe alishona lebo za Italia kwenye makoti ya Yeoville, na Italia haikuhusika.

"Ah non, papa," alisema, na sasa alikuwa ametulia kabisa. "Lebo ya London unasema iko kweli. Lebo ya bruyère unasema iko uongo. Zote mbili ziko kwa shingo moja. Chagua."

Mtu mwenye sarufi mbovu na mantiki safi ni mpinzani wa hatari. Nilimwambia Mreno atie mdomo mpya, nikasema kwamba hukumu nitaitoa nikishaangalia kamusi.

Nilirudi nyumbani peke yangu, nikasimama kwenye vituo vyote vya ngazi. Mke wangu alikuwa jikoni akisonga ugali. Mfukoni nilikuwa na pakiti ya tumbaku ambayo sikuwa nimeifungua, na ilikuwa karibu saa kumi na moja. Kamusi ni ileile ya Morogoro, imejalidiwa upya mara mbili. Niliifungua nikiwa na nia ya kuliangamiza neno la fundi. Nikafika kwenye ule mstari wa mwisho wa ukurasa wa kulia: kichaka chenye miiba, hasa waridi la mwituni. Lilikuwa pale, imara, na nilihisi nafuu kubwa. Kisha nikaona jambo ambalo sikupata kuliona. Mwishoni mwa neno briar, juu kidogo, palikuwa na tarakimu ndogo sana, kama kinyesi cha inzi. Ilikuwa moja.

Mwalimu yeyote anajua kwamba mtu hahesabu kwa kuandika "moja" peke yake.

Nilifunua ukurasa. Kwa mara ya kwanza tangu nipewe kiko kile, nilifunua ukurasa. Juu kabisa kulikuwa na briar ya pili, yenye tarakimu mbili: kichaka cha kusini mwa Ulaya, ambacho mizizi yake hutengenezewa viko, neno limetokana na Kifaransa, bruyère.

Nilikaa. Hapakuwa na mtu chumbani. Fundi hakuwa na kamusi, na Mreno hakuijali. Mke wangu hakuwahi kuigusa, kwa sababu alisema inanuka kama mimi. Ningeweza kuirudisha rafuni na kusema, bila kudanganya hata herufi moja, kwamba kamusi inasema mwiba. Ukurasa wa kwanza ulikuwa unasema hivyo, na utaendelea kusema hivyo milele.

Kule jikoni mwiko ulinyamaza.

"Kamusi inasemaje, Mwalimu?"

Niliigusa ile pakiti mfukoni. Kwa muda wote wa kazi yangu niliwaadhibu watoto kwa kusoma nusu ya swali. Kulikuwa na mmoja niliyemsimamisha kwenye jua kwa kosa hilohilo, na yeye alikuwa na udhuru wa kuwa na umri wa miaka tisa.

"Inasema kuna ukurasa wa pili," nilijibu.

Alikuja akifuta mikono. Nilimsomea vidahizo vyote viwili, kwa sauti, pamoja na asili ya neno. Hakucheka mara moja. Alikaa kwenye mkono wa kiti changu, akaivuta kamusi, akaona ile tarakimu, akaitazama kwa muda mrefu.

"Tangu Morogoro?"

"Tangu Morogoro."

Ndipo alipocheka, akaegemea bega langu, na nilisubiri amalize kwa sababu nilikuwa bado na hoja.

"Hata hivyo," nilisema, "tuangalie kiapo chenyewe. Nilisema 'sitakiwasha'. Sikusema 'sitavuta'. Kiambishi cha mtendwa, -ki-, kinarejelea kiko hiki kimoja. Naweza kununua kingine."

"Kingine nini?"

"Kiko."

"Ngeli gani?"

"KI-VI."

"Na kiambishi chake?"

Nikaona mahali ninapopelekwa. "-Ki-," nilikiri.

"Basi hicho kingine nacho ni 'sitakiwasha'."

"Nitanunua viwili," nilisema. "Viwili ni 'vi', na juu ya 'vi' sikula kiapo."

Alifikiri. Alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote niliopata kuwafundisha, na nilikuwa nimemfundisha vizuri kupita kiasi. "Utaviwasha vyote viwili kwa pamoja? Mdomoni mara moja?"

"La. Kimoja kimoja."

"Kimoja," alisema, "ni 'ki'." Akaichukua pakiti ya tumbaku kutoka mfukoni mwangu, bila ukali, kama muuguzi achukuavyo kipimajoto, akarudi kwenye ugali wake.

Saa kumi na moja ilipita nikiwa nimekaa sebuleni. Sikujua mikono huwekwa wapi.

Kiapo kilicholiwa hadharani hutenguliwa au kutimizwa hadharani. Juma lililofuata nilikichukua kiko Doornfontein, kikiwa na mdomo mpya mweusi unaong'aa, nikamwachia Mreno ile tumbaku, ambayo mke wangu alinirudishia kwa kazi hiyo tu, kisha nikaenda moja kwa moja hadi kwenye chumba cha fundi. Wasusi waliniona mbali. Kabla sijafika mlangoni saluni zote mbili zilikuwa tupu, isipokuwa vichwa vilivyokuwa chini ya mashine.

Fundi alisimamisha cherehani. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, yenye historia ya neno na jiografia ya mmea. Lakini nilipowaona wote wamesimama pale, nilielewa kwamba deni langu halikuwa la jiografia. Nilikiinua kiko. Nikatazama dari.

"Hii kiko," nilisema, "iko bruyère."

Kelele zilizofuata zilimtoa mwenye duka la simu ng'ambo ya barabara. Mmoja wa wasusi alipiga vigelegele kama niko harusini. Fundi peke yake hakushangilia. Alivua miwani, akanikaribia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kwa heshima kubwa, akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie:

"Papa. 'Kiko hiki ni.'"

Tangu hapo nakibeba bila tumbaku. Hukaa mdomoni mwangu saa kumi na moja kwenye roshani, kikiwa baridi, na mke wangu hukaa kando yangu kwa mara ya kwanza tangu tuhamie pale. Huniambia kwamba kifua changu kimeacha filimbi kwa sababu nimeacha moshi. Nimemweleza mara kadhaa kwamba jambo moja kulifuata jingine si uthibitisho kwamba limesababishwa nalo. Huenda ni majira, huenda ni chakula, huenda ni hewa ya Johannesburg yenyewe. Ushahidi bado hautoshi. Naweza kuthibitisha tu nilichokiona mwenyewe, nacho ni kwamba siku hizi nafika ghorofa ya tatu nikiwa naongea, na yale mandhari siyatazami tena.